Viatu vya Livio Furlan

Sajini Bonura alikuwa na soksi iliyotoboka, na ndiyo maana alisita kupanda boti.

"Tuvue viatu kweli, afande?" alinong'ona. "Mtu kapotea, sisi tunavua viatu?"

"Kwenye boti za matanga ndivyo wanavyoishi. Vua. Hiyo soksi yako haitamuua mtu." Inspekta Rosalba Tumminia alikuwa ameshainama, anafungua kamba za viatu vyake.

Pale penye ubao wa kupandia palikuwa na kikapu cha matete, na ndani yake viatu vya wenyeji. Tumminia aliweka vyake pembeni, si ndani. Kabla hajanyanyuka alikitazama kikapu kile kwa muda mrefu kidogo kuliko ilivyohitajika.

Ilikuwa saa mbili na nusu asubuhi, Jumamosi, na bandari ndogo ya La Cala ilikuwa imeshachemka. Upepo wa kusini, ule unaokuja na vumbi la jangwa la ng'ambo, ulikuwa umevuma tangu Jumatano bila kupumzika. Kamba ziligonga milingoti, ko-ko-ko, milingoti mia moja kwa mpigo. Huko mjini mafundi walikuwa wanamalizia kupigilia taa za sherehe ya Mtakatifu Rosalia, na wapiga ngoma walikuwa wanajaribu mikono yao. Palermo nzima ilikuwa inajiandaa kukesha. Ndani ya boti iliyoitwa Rondine hakuna aliyekuwa anajiandaa kwa lolote.

Nives Furlan aliwakaribisha kahawa. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na kitu, mwembamba, amechomwa na jua hadi kwenye kope. Shemeji yake, Fulvio, mdogo wa mume wake, alikaa mkabala naye. Joto lilikuwa limefika nyuzi thelathini na sita, lakini yeye alivaa shati la mikono mirefu, amefunga vifungo hadi kwenye viganja.

"Tuanze mwanzo, mama," alisema Tumminia.

"Tumetoka Trieste mwezi uliopita. Kila kiangazi tunasafiri, sisi wanne. Tulikuwa visiwani, Alicudi, tukaondoka Jumatano jioni, tukaingia hapa Alhamisi saa tano asubuhi." Alisema kama anayesoma. "Jana saa moja asubuhi Livio alikwenda soko la Capo kutafuta samaki. Hakurudi."

"Mlitoa taarifa saa moja jioni. Saa kumi na mbili baadaye."

"Mume wangu ni mtu wa kupiga stori. Akikutana na watu, anasahau nyumbani."

"Alivaa nini?"

"Kofia yake ya rangi ya chungwa. Fulana nyeupe. Kaptura."

"Na miguuni?"

Fulvio ndiye aliyejibu. "Viatu vyake, Inspekta. Angekwenda sokoni peku?"

"Ana jozi ngapi?"

"Moja. Boti haina nafasi ya kuweka duka la viatu."

"Sawa kabisa." Tumminia aliandika. "Mmebaki watatu humu, na kwenye kikapu nimeona jozi nne. Vile vikubwa vya ngozi ni vya nani?"

"Vyangu."

"Na zile sandali?"

"Zangu pia."

"Kumbe mwenye duka ni wewe, bwana Fulvio." Alisema kwa kutabasamu, na Fulvio naye akatabasamu, ila tabasamu lake lilikatika katikati.

Bonura aliomba kuona mahali alipolala Livio. Nives akawashusha chini, kwenye chumba kidogo cha mbele. Kitanda kilitandikwa vizuri mno. Juu ya rafu palikuwa na kijisanduku cha plastiki chenye vyumba kumi na vinne, viwili kwa kila siku ya wiki.

"Dawa gani hizi?"

"Za presha. Anameza asubuhi na jioni, hakosi hata siku moja. Miaka mitatu sasa," alisema Nives. Sauti yake, kwa mara ya kwanza, ilikuwa ya mke wa mtu.

Tumminia alifungua vifuniko kimoja kimoja kwa ncha ya kalamu. Jumanne, vitupu. Jumatano, vitupu. Alhamisi, vidonge viwili, asubuhi na jioni. Ijumaa, viwili. Akafunga, akaomba ruhusa ya kuondoka na kijisanduku, akatia saini karatasi ya kukichukua.

Walipopanda tena juu, alimwona mtoto. Ondina alikuwa na miaka kumi na tatu. Alikaa peke yake kwenye ncha ya omo, mbele kabisa ya boti, amekumbatia magoti, mgongo kwa watu wote. Midomo yake ilikuwa inacheza polepole, bila sauti, bila kusimama.

"Anasali?" aliuliza Tumminia.

"Anaimba," alisema Fulvio haraka. "Ndivyo alivyo tangu mdogo. Tafadhali msimsumbue. Baba yake kapotea."

Ondina hakugeuka. Midomo ikaendelea.

*

Katika soko la Capo iliwachukua nusu saa kumpata aliyemwona Livio Furlan, na aliyemwona alikuwa na hamu ya kusema. Gaspare, muuza samaki, alikuwa na kifua kama pipa na sauti ya kumwamsha jirani wa mtaa wa tatu.

"Mrefu! Kofia ya chungwa! Anaongea kwa pua kama watu wote wa kaskazini. Jana saa moja na robo alisimama hapo hapo uliposimama wewe, dada yangu, akanunua kipande cha samaki upanga cha watu watatu."

"Watatu?"

"Nilimkatia cha wanne akasema punguza."

Bonura alitoa nakala ya picha ya pasi. Gaspare akaitazama kwa mbali, kisha karibu.

"Ndiye. Au... pua ndiyo hiyo. Macho ndiyo hayo. Kofia aliivuta hadi hapa, nitajuaje? Lakini jina alinitajia mwenyewe. 'Mimi Livio Furlan wa Trieste, boti yangu ipo La Cala, kesho nitarudi kwako!' Kwa sauti, soko zima likasikia."

"Wateja wako wanakutajia majina yao?"

Gaspare akacheka. "Miaka ishirini na sita nakata samaki hapa. Wengine nimewazika, na majina yao sikuyajua."

"Kingine?"

"Mkono. Huu wa kulia. Wakati anapokea mfuko niliona umechubuka kuanzia kiwiko hadi kiganja, mistari minne, kama mtu aliyekumbatiana na paka mwenye hasira. Nikamtania, nikamwambia bwana wee, huyo mwanamke muache. Hakucheka."

Nje ya soko Bonura alikuwa anatembea kama mtu aliyekwisha kufunga faili. "Basi, afande. Mtu alifika mjini. Akachukua samaki wake, akatoka, njiani akapatwa na jambo. Tuanze na vichochoro vya huku nyuma. Mtalii anayetangaza jina na boti yake sokoni, nani asingemfuata?"

"Unasema kweli, inawezekana," alisema Tumminia. "Ulipokuwa kule chini kwenye boti, uliona jikoni?"

"Niliona."

"Kwenye ndoo ya takataka?"

Bonura alisimama katikati ya barabara hadi pikipiki ikampigia honi. Karatasi anazofungia Gaspare zilikuwa za njano, zimepigwa muhuri wa pweza. Alikuwa ameiona karatasi ya namna hiyo saa moja tu iliyopita, imekunjwa, ina magamba.

"Samaki alirudi," alisema.

"Samaki alirudi. Mtu hakurudi. Na kipande kilikuwa cha watu watatu."

*

Calogero, mpokeaji wa boti wa La Cala, aliwapokea akiwa amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, anakula mkate wa nyanya na vitunguu. Alikuwa mtu wa miaka sitini na kitu, na hakuwa na heshima kubwa kwa wenye boti.

"Hao wa Rondine? Nilishika kamba zao mimi mwenyewe. Waliingia vibaya, utafikiri walinunua boti juzi. Mtoto mbele, mama nyuma na kamba ya kufungia, bwana wa kofia ya chungwa kwenye usukani anahema kama ng'ombe. Nikasema moyoni, wewe na kofia yako nzuri, usukani ungemwachia mkeo."

"Na yule mwanamume wa pili?"

"Mdogo wake? Huyo nilimwona jioni. Hana kofia, ana shati la mikono mirefu. Alikuja kuuliza saa za maji."

"Uliwahi kuwaona wote wawili kwa pamoja, Calogero? Wamesimama mahali pamoja?"

Mzee alitafuna taratibu. Kisha akaacha kutafuna.

"Sasa ukiniuliza hivyo, Inspekta... Mwenye kofia nilimwona Alhamisi saa tano, na Ijumaa asubuhi akitoka. Asiye na kofia nilimwona saa nyingine zote." Akaweka mkate chini. "Mama yangu weee."

"Pasi ulipewa ngapi?"

"Nne. Mama ndiye aliyezileta ofisini."

"Kuna kingine ulichokiona kwenye boti hiyo?"

"Boya." Alinyoosha kidole chenye mafuta. "Lile kubwa la uokozi, linalojipuliza lenyewe likifika majini na kuwa kama hema. Kila boti ya safari inalo. Lao halipo. Tazama shetri, kule nyuma ya boti, vyuma vya kulibebea vipo, mikanda inaning'inia. Nilimuuliza yule bwana, akasema limepelekwa kukaguliwa. Kukaguliwa? Katikati ya kiangazi? Na kamba yake je?"

"Kamba gani?"

"Boya hufungwa kwenye boti kwa kamba, ili ukilitupa lisikukimbie. Kipande cha kamba kipo bado pale kwenye chuma. Kimekatwa kwa kisu, safi, kama jibini."

Kutoka gatini, bila kupanda boti, Tumminia alikiona. Kipande cheupe, kifupi kama kidole, kinacheza kwenye upepo.

Wakakaa kwenye baa iliyo ng'ambo ya barabara, mahali ambapo Rondine ilionekana. Bonura hakugusa kahawa yake.

"Livio hakufika Palermo," alisema. "Dawa zake zimeishia Jumatano jioni. Viatu vyake vipo. Kofia ilivaliwa na mdogo wake. Wamemtupa baharini, kisha wakamleta mjini kwa kofia tu ili aonekane amepotelea kwetu."

"Ndiyo. Sasa lile boya?"

"Walilitupa ili... " Akakwama.

"Ukitaka mtu afe maji, unamtupia boya?"

"Hapana."

"Kwa hiyo waliokuwa kwenye boti hawakuwa na nia moja. Mmoja alitupa boya. Mwingine akakata kamba ili boti isilivute nyuma. Mmoja alitaka afe, mwingine alitaka apone." Tumminia alitazama kule omo. Yule mtoto alikuwa bado amekaa vile vile. "Mama anajibu kama anayesoma. Shemeji anajibu kabla hajaulizwa. Aliyebaki ni nani?"

"Afande, kama boya lilifunguka..."

"Kama lilifunguka na kama alilifikia, Livio Furlan yuko hai, au alikuwa hai jana. Na upepo huu unamsukuma mbali zaidi kila dakika tunayokunywa kahawa." Akasimama. "Nampigia mwendesha mashtaka. Wewe kawaambie hao wawili waje kituoni kutia saini maelezo. Waambie ni utaratibu tu. Mtoto abaki, kuna jua kali. Na Bonura, wakishuka, tazama Fulvio atavaa nini."

Dakika ishirini baadaye simu yake ikatetemeka. Ujumbe wa Bonura ulikuwa wa maneno mawili: *Kavaa sandali.* Kisha mwingine: *Vile vya ngozi vingemmeza.*

*

Mwanamke wa ofisi ya watoto alifika akiwa na feni ya mkononi na sura ya upole. Alikaa kwenye ngazi, mahali pa kusikia bila kuonekana sana. Tumminia alivua viatu tena, akaenda omo, akakaa hatua mbili kutoka kwa Ondina. Alikuwa amebeba glasi ya barafu ya limau. Akaiweka katikati yao.

Ngoma zilisikika, zikanyamaza. Barafu ikaanza kuwa maji.

Karibu naye, aliweza kuona kwamba midomo ya mtoto haikuwa inaimba wala kusali. Ilikuwa inarudia kitu kifupi, kile kile, kutoka mwanzo hadi mwisho, kisha mwanzo tena. Alikuwa na weusi chini ya macho wa mtu ambaye hajalala.

"Mtu anaweza kukaa baharini siku ngapi?" aliuliza Ondina ghafla.

Tumminia alijilazimisha asigeuke haraka. "Akiwa kwenye boya?"

"Akiwa kwenye boya."

"Ndani mna maji ya kunywa, mwanangu. Vipakiti. Na paa la kivuli. Watu wamekaa siku tano. Wengine zaidi."

"Leo ni ya tatu."

"Najua."

Mtoto akageuka, akamtazama kwa mara ya kwanza. "Unajua?"

"Najua baba yako hakwenda sokoni. Najua boya lilitupwa. Na nadhani namjua aliyelitupa."

Uso wa Ondina ukakunjamana kama wa mtoto mchanga, lakini hakulia. Aliinua mkono, kama kusema ngoja, ngoja kwanza.

"Andika," alisema. "Andika haraka, nisije nikapoteza. Thelathini na nane, ishirini na mbili nukta tatu. Kumi na tatu, hamsini na tano nukta saba. Saa kumi na moja na dakika kumi alfajiri."

Kalamu ya Tumminia ilikuwa tayari inatembea. "Rudia."

Akarudia. Akarudia mara ya tatu. "Kwenye kioo cha ramani kuna kitufe chekundu. Baba alinifundisha, mtu akianguka unabonyeza, kinaandika mahali. Nilibonyeza. Ami Fulvio akafuta. Lakini nilikuwa nimeshasoma. Tangu siku hiyo nazisema, nazisema. Nikilala zitatoka, ndiyo maana silali."

Mwanamke wa ofisi ya watoto alikuwa ameacha kujipepea.

Tumminia alipiga simu hapo hapo, akazisoma zile namba kwa walinzi wa pwani, akazisoma tena, akataja upepo na saa. Ndipo akamrudia mtoto.

"Sasa niambie taratibu."

Ondina alieleza. Walipokuwa kwenye kisiwa cha Salina, baba aligundua jambo kati ya mama na ami. Hakupiga kelele. Alisema tu kwamba wakifika Palermo atashuka na Ondina, watapanda treni, watarudi nyumbani wao wawili, na mama asimtafute mtoto. Alhamisi alfajiri Ondina aliamshwa na sauti. Alipotoa kichwa, baba alikuwa shetri anafungua kamba iliyokwama, na ami akaja kwa nyuma yake. Baba alimshika mkono, kucha zikavuta. Kisha akawa hayupo.

"Mama alikuwa kwenye usukani. Nikapiga kelele, nikamwambia mama geuza, mama geuza! Mama alikuwa anatazama mbele." Alinyoosha kidole kuelekea shetri. "Nikavuta kile chuma cha boya. Likaanguka, likafura. Nilimwona baba, kichwa chake. Alikuwa anaogelea kulifuata. Sijui kama alilifika. Tulikuwa mbali. Ami akakata kamba."

"Halafu?"

"Ami akasema nikisema, mama atafungwa, na mimi nitapelekwa kwa watu nisiowajua." Akatazama glasi, barafu yote imeyeyuka. "Mama atafungwa?"

Tumminia alisogeza glasi pembeni, akamkaribia. "Sitakudanganya," alisema. "Sijui. Lakini ulichofanya wewe ndicho kilichokuwa sahihi, kuanzia kile chuma hadi namba ya mwisho."

*

Kituoni, Fulvio aliposomewa aliyoyasema mtoto, aliomba wakili na akafunga mdomo. Bonura alimtaka akunje mikono ya shati. Mistari ilikuwa minne, imeanza kukauka.

Nives alikuwa chumba cha pili. Alisikiliza yote akiwa ametazama ukuta.

"Amesema?" aliuliza mwishoni.

"Amesema."

"Alikuwa hasemi kabisa. Nilidhani ameshasahau." Kisha, kwa sauti ya chini, "Angemchukua. Ungefanya nini wewe, angekuchukulia mwanao?"

Tumminia alifunga faili. "Ningegeuza boti, mama."

Helikopta ilipaa saa saba mchana. Saa nane walinzi wa pwani walisema mahali penyewe pametazamwa, pako wazi. Saa tisa walisema wanafuata mkondo kuelekea kaskazini magharibi. Saa kumi walisema bahari imechafuka, mawimbi yana vichwa vyeupe, na kutoka juu kila kichwa cheupe kinafanana na boya. Tumminia alikaa karibu na redio na Ondina akakaa karibu naye. Kichwa cha mtoto kilianza kuinama, kikainuka, kikainama.

"Lala," alisema Tumminia. "Namba nimezishika mimi sasa."

Akalala pale pale, shavu juu ya meza. Nje, jiji lilianza kujaa. Familia nzima nzima zilipita na viti vyao vya kukunja na sufuria za konokono wa kitunguu saumu, zikigombania nafasi za kuliona gari la Mtakatifu Rosalia likipitishwa. Mtu fulani alicheka kwa nguvu chini ya dirisha, na Bonura akaenda kulifunga.

Saa kumi na moja na dakika arobaini jioni redio ikakwaruza. Boya la rangi ya chungwa, maili kumi na tisa kutoka mahali palipotajwa. Hema lake limefungwa. Hakuna anayepunga mkono.

Bonura alifanya ishara ya msalaba. Kwa dakika sita redio haikusema chochote. Mzamiaji alikuwa anashuka kwa kamba.

Kisha sauti ikasema, "Mmoja. Anapumua."

*

Daktari aliwapa dakika tano, na akasimama mlangoni kuzihesabu. Livio Furlan alikuwa mrefu kuliko kitanda. Midomo yake ilikuwa imepasuka vipande, na ngozi ya mabega imebanduka. Alimsikiliza Tumminia akijitambulisha, akafumba macho.

"Nilianguka," alisema.

"Ulianguka vipi?"

"Nilikuwa nafungua kamba. Wimbi likaja. Nikaanguka. Hakuna zaidi."

"Mdogo wako ana mikwaruzo minne kwenye mkono wake wa kulia, bwana Furlan."

"Alijaribu kunishika."

"Na boti haikugeuka."

"Upepo ulikuwa mkali." Kila neno lilimgharimu, lakini alikuwa ameyapanga. Alikuwa na saa sitini za kuyapanga. "Inspekta, nashukuru. Lakini hakuna kesi hapa. Ni ajali. Mwache mke wangu arudi botini apumzike. Mwache."

Bonura alimtazama afande wake. Bila neno la aliyetupwa, walikuwa na mtoto wa miaka kumi na tatu aliyetolewa usingizini alfajiri, na wakili yeyote angejua la kufanya naye. Angesema aliota.

Tumminia alivuta kiti, akakaa, magoti yake yakagusa kitanda.

"Nani alikutupia boya?"

Macho yakafunguka. Na ndani yake, katika uso ule ulioungua, palikuwa na kitu kinachofanana na furaha.

"Nives," alisema Livio. "Nani mwingine? Nililiona likianguka. Siku mbili usiku na mchana nimekaa mle ndani nikijiambia, alijuta. Dakika ya mwisho alijuta, akanitupia. Mtu aliyekuokoa hufungi, Inspekta. Hata kama..."

Mlangoni daktari alisema, "Dakika moja."

"Mkeo alikuwa ameshika usukani," alisema Tumminia. "Aliambiwa ageuze, zaidi ya mara moja. Hakugeuza, wala hakutazama nyuma. Boya lilitupwa na Ondina."

Livio aliinua kichwa kutoka kwenye mto.

"Alikuona ukiogelea. Na kabla hawajafuta mahali pako kwenye kioo, alipasoma, akapashika kichwani siku mbili na nusu bila kulala, akingoja mtu wa kumwambia. Ndivyo tulivyokupata. Hivi sasa yuko kwenye benchi hapo nje. Hajaniuliza kuhusu mama yake tangu saa tisa. Anauliza kama ataruhusiwa kukuona."

Ile furaha iliondoka usoni kwa Livio Furlan taratibu, kama maji yanavyoondoka kwenye mchanga, na chini yake hapakubaki kitu cha kutazamika. Bonura aligeukia ukuta. Jijini fataki ya kwanza ililipuka, ya majaribio tu, kioo cha dirisha kikatetemeka.

Daktari alisogea. Livio aliinua kiganja kimoja, kilichofungwa bendeji, kumzuia.

"Mwingizeni mwanangu kwanza," alisema. "Nimshike kidogo." Akapumua, akatafuta mate, hakuyapata. "Kisha atoke, asisikie. Halafu wewe, Inspekta, chukua kalamu yako. Nitakueleza mikono ya ndugu yangu ilinigusa wapi."